Ruzuku ya Kulinda Ufukwe na Kufungua Njia ya Majini: Mwongozo Kamili wa Kuandika Ombi

Maombi ya ruzuku za ufukwe hukataliwa kwa sababu zilezile, mwaka nenda mwaka rudi. Barua inakuja fupi na ya adabu: ombi lenu halikufikia vigezo. Kikundi kinakaa, kinapamba maneno, kinaongeza picha mbili tatu, kinatuma tena, kinakataliwa tena.

Maneno hayakuwa na kosa. Kilichokosekana ni ushahidi. Ombi liliomba ukuta au gati kabla ya kuonyesha ni nini kinachokula ufukwe, ardhi ni ya nani, na nani atakayezoa mchanga kwenye ngazi miaka mitano baada ya uzinduzi. Fedha ya umma haitolewi kwa sababu tu kuna shida. Inatolewa pale ambapo kazi inaeleweka, inaruhusiwa kisheria na itabaki mikononi mwa watu wote.

Mwongozo huu ni kwa kikundi cha jamii, ushirika wa wavuvi, asasi au serikali ndogo ya eneo inayotaka kulinda ukingo wa bahari, ziwa au mto, na wakati huohuo kuwafungulia watu njia ya kufika majini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza

- Mwongozo wa waombaji na fomu za wito wa mwaka huu, yaani tangazo la mfuko la kualika maombi. Za mwaka jana hazifai, hata kama zinafanana.
- Cheti cha usajili, katiba, orodha ya viongozi, taarifa za benki na hesabu za mwaka uliopita.
- Hati au barua inayothibitisha nani anamiliki ardhi, pamoja na ramani ya mipaka.
- Picha za setilaiti za eneo lenu za miaka tofauti.
- Fito mbili zilizonyooka zenye urefu sawa, kamba, tepu ya kupimia, rangi na daftari lisiloharibika haraka kwa maji.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa, kama mko baharini.
- Simu yenye kamera na uwezo wa kuonyesha majiranukta ya mahali (GPS).
- Profoma, yaani makadirio ya bei kwa maandishi, kutoka kwa wauzaji na wakandarasi watatu.
- Muhtasari wa mkutano wa hadhara wenye tarehe, mahudhurio na sahihi.
- Mhandisi au fundi mzoefu wa kazi za majini, hata kwa siku chache tu.

Huyo wa mwisho ndiye kila kikundi hujaribu kumkwepa ili kubana matumizi. Msimkwepe. Mchoro uliochorwa na asiyejua mawimbi unatambulika ukurasa ukifunguliwa tu.

## Hatua ya 1: Soma wito ukianzia mwisho

Kurasa za mbele za wito hueleza malengo mazuri ambayo kila mtu anakubaliana nayo. Jedwali la alama, viwango vya fedha na orodha ya gharama zisizolipwa hukaa nyuma, mara nyingi kwenye viambatisho. Anzieni huko.

Tafuteni majibu ya maswali manne. Nani anaruhusiwa kuomba? Mfuko unalipa asilimia ngapi ya gharama? Fedha inatolewa kabla ya kazi au inarejeshwa baada ya kazi? Masharti yanadumu miaka mingapi baada ya mradi kwisha?

Mifuko inatofautiana sana. Nchini Marekani, mfuko wa shirikisho wa hifadhi ya ardhi na maji, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1965, huwapa majimbo na serikali za mitaa hadi nusu ya gharama, na eneo lililofaidika linabaki la burudani ya umma daima. Programu ya LIFE ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza 1992, hulipa sehemu tu ya gharama na mwombaji anatafuta salio. Programu ya ruzuku ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, nayo ya mwaka 1992, huzilenga asasi na vikundi vya jamii moja kwa moja. Kikundi cha watu 20 kikiomba mfuko uliotengenezewa serikali za mitaa hakitafika popote, hata kikiandika vizuri namna gani. Hapo dawa ni kuiendea halmashauri iwe mwombaji, ninyi muwe washirika mliotajwa ndani ya ombi.

Tahadhari: Ruzuku ya kurejeshewa gharama imeua vikundi vingi. Mnajenga kwa fedha yenu, mnapeleka risiti, mnasubiri. Kama hamna akiba wala mkopo wa kuwavusha miezi hiyo, tafuteni wito mwingine.

Mmefaulu iwapo: mna karatasi moja yenye majibu hayo manne, na chini yake vigezo vyote vikiwa vimepangwa kuanzia chenye alama nyingi hadi chenye alama chache.

## Hatua ya 2: Maliza suala la ardhi

Ufukwe una tabaka mbili za umiliki na watu huzichanganya. Mahali maji yanapojaa na kupwa kwa kawaida ni mali ya umma au ya dola. Nyuma yake kunaweza kuwa na kiwanja cha mtu, cha taasisi ya dini, cha hoteli au cha ukoo. Mpaka kati ya tabaka hizo unafafanuliwa na sheria ya kila nchi: penginepo ni kiwango cha maji makuu, penginepo ni umbali fulani kutoka hapo.

Njia ya kufika majini karibu kila mara inakatiza tabaka hiyo ya nyuma, kwa hiyo mnahitaji haki ya kupita iliyoandikwa na kusainiwa. Ahadi ya mdomo ya mzee mwenye shamba ni ya heshima kwake. Akifariki, warithi wake wanaweza kuweka geti.

Muda wa makubaliano uzidi muda wa masharti ya mfuko. Kama mfuko unataka njia ibaki wazi kwa miaka 20, mkataba wa miaka 10 ni sababu tosha ya kukataliwa.

Semeni wazi pia kwamba hapatakuwa na kiingilio cha kuwabagua wasio wakazi, au kama kitakuwepo, ni cha nini na kinalingana vipi na matengenezo. Mkaguzi, yaani anayesoma ombi na kulipa alama kwa niaba ya mfuko, anatafuta dalili kwamba fedha ya umma itaishia kupandisha thamani ya kiwanja cha mtu binafsi. Msimpe nafasi ya kushuku.

Mmefaulu iwapo: mtu asiyewajua anaweza kuchukua ramani yenu, akatembea kutoka barabarani hadi majini, na kwa kila hatua akajua yuko kwenye ardhi ya nani na kwa idhini ipi.

## Hatua ya 3: Pima ufukwe, usiusimulie

Hapa ndipo maombi mengi yanapoangukia, na ndipo kikundi kidogo kinapoweza kuipita hata taasisi kubwa. Vipimo vya miezi kadhaa vilivyochukuliwa na watu wa eneo husika vina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko.

### Picha za setilaiti

Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972, na tangu 2008 zinapatikana bure. Setilaiti ya kwanza ya Sentinel-2 ilirushwa 2015, na nukta moja ya picha zake zilizo kali zaidi ni mita 10 ardhini. Nukta ya Landsat za kuanzia miaka ya 1980 ni mita 30. Maana yake ni rahisi: ufukwe uliorudi nyuma mita 5 hauonekani kwa uhakika kwenye picha hizo. Kwa mabadiliko madogo tumieni picha za ndege au picha za kihistoria zenye ukali zaidi ambazo programu za ramani huzionyesha.

Kosa kubwa ni kupima kwa kufuata mstari wa maji. Kwenye ufukwe wenye mwinamo wa 1 kwa 50, yaani unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, maji yakipanda mita 2 mstari wa maji unasogea mita 100. Picha moja ikipigwa wakati wa maji kujaa na nyingine wakati wa kupwa, mtakuwa mmethibitisha kwamba bahari ina kujaa na kupwa. Fuateni ukingo wa majani, yaani pale mimea ya kudumu inapoanzia, au ukingo wa genge, yaani ukuta wa udongo au mwamba ulio juu ya ufukwe, kama lipo.

### Fito mbili na upeo wa macho

Njia hii ilielezwa mwaka 1961 na mwanajiolojia wa bahari K. O. Emery, na bado inatumika kwa sababu haigharimu kitu.

Chukueni fito mbili za mita 1.5. Wekeni alama kila sentimita kuanzia juu kwenda chini, sifuri ikiwa kwenye kichwa cha ufito. Kateni kamba ya mita 1.5 ya kutenganisha fito hizo. Kisha pigilieni kigingi cha kudumu mahali ambapo mawimbi hayafiki, au chagueni kona ya jengo imara. Hapo ndipo mstari wenu unapoanzia, leo na miezi yote ijayo.

Mtu wa kwanza anasimamisha ufito wake kwenye kigingi. Wa pili anasogea kuelekea majini hadi kamba inyooke, naye anasimamisha wake wima. Aliye nyuma anatazama upeo wa macho baharini, anaupatanisha na kichwa cha ufito wa mbele, kisha anasoma mahali mstari huo wa jicho unapokata ufito wake mwenyewe. Akisoma 12, ufukwe umeshuka sentimita 12 kati ya fito hizo mbili.

Pale mchanga unapopanda badala ya kushuka, kazi inageuka: mnapatanisha kichwa cha ufito wa nyuma na upeo wa macho, na kusoma kwenye ufito wa mbele. Andikeni kushuka kwa alama ya kutoa na kupanda kwa alama ya kujumlisha, la sivyo mchoro wenu utaonyesha kilima mahali penye shimo.

Kisha ufito wa nyuma unahamia palepale aliposimama wa mbele, na mnaendelea hadi majini. Mfano wa vituo vitatu: −12, −9, −15. Jumla ni sentimita 36 kwa mita 4.5, yaani mwinamo wa asilimia 8. Tarakimu hiyo itawafaa tena kwenye hatua ya 5.

Ziwani au mtoni, ambako ng'ambo inaziba upeo wa macho, tumieni mpira mwembamba wenye maji kama mafundi wa ujenzi wanavyosawazisha misingi.

### Wapi na lini

Pimeni mistari isiyopungua mitatu: mmoja kwenye sehemu iliyoliwa, mmoja kila upande. Mistari ya pembeni ndiyo inayosema mchanga unatoka wapi na unakwenda wapi.

Chagueni siku zinazofanana. Baharini, maji ya bamvua, yaani yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kupwa kwake hufunua ufukwe mrefu zaidi. Pimeni kila mwezi wakati huo, na tena mara baada ya dhoruba.

Msikimbilie kuleta vipimo vya msimu mmoja. Ufukwe mwingi huliwa msimu wa mawimbi makali na kurudishiwa mchanga msimu wa utulivu. Mkaguzi anayejua kazi yake atauliza kama mlichopima ni mmomonyoko au ni pumzi ya kawaida ya ufukwe, na jibu linapatikana tu kwa kupima misimu yote miwili.

Pigeni pia picha kutoka sehemu ileile, mkielekeza kamera kulekule, na kitu kimoja kisichohama kikionekana ndani ya kila picha.

Mmefaulu iwapo: mna mchoro wa kila mstari, vipimo vya tarehe zote vikiwa vimechorwa pamoja kwenye karatasi moja, na asiyejua lolote anaona kwa jicho wapi mchanga ulipungua.

## Hatua ya 4: Taja chanzo, ndipo uchague kazi

Kikundi kikisema "tunaomba ukuta", mkaguzi anasikia kwamba hakikuchunguza. Anzieni na chanzo.

Kama mchanga unachotwa kwa ujenzi, kazi ya kwanza ni kuuzuia uchotaji. Kama bwawa limejengwa juu ya mto unaoleta mchanga, ufukwe unakosa chakula chake. Kama kuna gati au boma la mawe lililochomoza majini upande mmoja, angalieni: upande mmoja wake mchanga utakuwa umejaa, na upande wa pili umepungua. Kama mikoko au matete yalikatwa, mawimbi yanafika ukingoni yakiwa na nguvu zote. Na wakati mwingine adui hatoki majini kabisa: mfereji wa maji ya mvua kutoka barabarani unachimba genge kwa nyuma huku watu wakiilaumu bahari. Hili la mwisho ndilo rahisi kutibu na ndilo linalosahaulika zaidi.

### Tahadhari kuhusu ukuta

Ukuta wima unalinda kilicho nyuma yake. Haulindi ufukwe ulio mbele yake. Wimbi likigonga linarudi na nguvu, linachimba mchanga chini ya msingi, na ncha mbili za ukuta zinahamishia hasara kwa jirani. Nguvu ya wimbi inakwenda kwa mraba wa kimo chake: wimbi la mita 2 lina nishati mara nne ya wimbi la mita 1. Ndiyo maana ukuta uliohimili miaka mitatu unaweza kubomoka usiku mmoja.

Zipo sehemu ambazo ukuta hauepukiki, kama pale barabara kuu au hospitali iko mita chache kutoka majini. Semeni hivyo, na muonyeshe kwa nini kuhama au kulaza ukingo kwa mawe haitoshi. Mifuko mingi ya umma sasa hutoa alama zaidi kwa kazi zinazofuata maumbile.

Uholanzi, nchi inayojua kuta kuliko wengi, imekuwa ikijaza mchanga kulinda mstari wa pwani yake tangu 1990. Mwaka 2011 ilimwaga mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga mahali pamoja karibu na jiji la The Hague, ili mawimbi na mikondo viusambaze vyenyewe. Kiasi hicho hakiwahusu ninyi, lakini hoja inawahusu: mpe mkondo kitu cha kubeba badala ya kupigana nao.

### Tahadhari kuhusu kupanda mikoko

Mikoko haiishi popote penye tope. Inataka sehemu ya juu ya eneo la kujaa na kupwa, ambako haizami muda mrefu. Nchini Ufilipino miche mingi ilipandwa kwenye tope la chini, ambako maji hukaa karibu siku nzima, na sehemu kubwa ikafa. Sababu ya kuchagua tope hilo ni rahisi kuielewa: ardhi ya juu ina wenyewe, tope halina.

Huko Demak, kisiwani Java nchini Indonesia, walianza kwa kujenga vizuizi vya miti na matawi vinavyopitisha maji lakini vinapunguza mawimbi. Tope likitulia nyuma yake, mbegu za mikoko zinakuja zenyewe na maji. Hata huko kulikuwa na funzo chungu: ardhi yenyewe inazama, na kuzama huko kunakula faida ya kazi. Kwa hiyo ulizeni kama eneo lenu linazama kabla ya kuahidi lolote.

Msiahidi idadi ya miche. Ahidini eneo litakalokuwa na mikoko hai baada ya miaka miwili, kisha elezeni mtalipimaje.

Mmefaulu iwapo: mnaweza kusema kwa sentensi moja: ufukwe huu unaliwa kwa sababu hii, vipimo hivi vinathibitisha, kazi hii inagusa chanzo hicho.

## Hatua ya 5: Sanifu njia ya kufika majini

Anzeni kwa kuhesabu watu. Kaeni siku ya kazi na siku ya mapumziko, asubuhi hadi jioni, mwandike nani anapita: wavuvi na mizigo yao, wateka maji, watoto, wazee, wanaotembelea magongo au viti vya magurudumu. Tarakimu hizo ndizo zitakazoamua kama mnahitaji ngazi, njia ya mwinamo au mteremko wa kushushia mashua.

Kwa kiti cha magurudumu, kipimo kinachotumika sana ni mwinamo usiozidi 1 kwa 12, yaani kimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele, pamoja na mahali tambarare pa kupumzikia kila baada ya kimo cha takriban sentimita 76. Ule ufukwe wa mfano wenye asilimia 8 unaingia ndani ya kipimo hicho. Wenye asilimia 15 unahitaji njia inayozunguka. Mteremko wa mashua ni tofauti: hapo asilimia 12 hadi 15 ndiyo inayofaa, kwa sababu ukiwa mlalo mno gari linaingia majini kabla mashua haijaelea.

Mwisho wa chini wa njia ufike wapi? Fikirieni kupwa kwa bamvua. Njia inayoishia mahali pazuri wakati wa maji mafu, ambapo kujaa na kupwa ni kudogo, inaweza kuwaacha watu kwenye tope la magotini mara mbili kila mwezi.

Hakikisheni pia njia haipiti juu ya mazalia ya kasa, nyasi za bahari au matuta ya mchanga yenye mimea. Daraja jembamba la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo huwaruhusu watu kupita na mimea kubaki.

Mmefaulu iwapo: mchoro unaonyesha kimo, urefu, mwinamo na viwango vya maji vya juu na vya chini kwenye karatasi moja.

## Hatua ya 6: Anza vibali mapema

Kazi za ufukweni hugusa mamlaka za mazingira, ardhi, maji, usafiri wa majini, misitu ya mikoko na wakati mwingine mambo ya kale. Tathmini ya athari kwa mazingira inaweza kuchukua muda mrefu kuliko wito wenyewe.

Kama kibali hakijatoka, ambatisheni nakala ya maombi yake yenye mhuri wa kupokelewa na barua ya ofisi husika. Mkaguzi anaelewa foleni. Asichoelewa ni ukimya.

## Hatua ya 7: Bajeti

Mkaguzi mzoefu hufungua bajeti kabla ya maelezo. Mstari unaosema "Ujenzi wa ngazi" ukifuatiwa na jumla moja haumwambii kitu. Ugawanye: mita za ujazo za mawe, mifuko ya saruji, siku za fundi na vibarua, usafirishaji, kukodi mashine, usimamizi wa mhandisi. Kila kipengele kiwe na kipimo, idadi, bei ya kimoja na profoma inayokithibitisha.

Hesabu ya mchango wenu. Hapa watu hukosea hata wakiwa na mhasibu. Mfuko ukilipa asilimia 60 ya gharama yote, mchango wenu ni asilimia 40 ya gharama yote, si ya ruzuku. Mkiomba ruzuku ya 600,000, mradi mzima ni 1,000,000 na ninyi mnaleta 400,000. Wengi huandika 240,000, na hesabu yao inakataa mahali pote.

Nguvu za wananchi. Mifuko mingi hukubali kazi ya kujitolea kama mchango, lakini kwa kumbukumbu tu: jina, tarehe, saa, kazi iliyofanywa, sahihi, na kiwango cha malipo kinachotumika kwa kibarua wa kazi hiyo. Daktari akibeba mawe, anahesabiwa kwa kiwango cha kubeba mawe. Saa zilizofanywa kabla ya mkataba kusainiwa kwa kawaida hazihesabiki, na vivyo hivyo vifaa mlivyonunua mapema.

Yanayosahaulika. Tengeni fungu la dharura, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ya gharama za ujenzi, kama wito unaruhusu. Ongezeni gharama za upimaji wa baadaye, vibao, ukaguzi wa hesabu na kodi. Ujenzi wa majini husubiri maji kupwa, kwa hiyo mafundi wanaweza kufanya kazi saa chache tu kwa siku. Ratiba na ujira viseme hivyo.

Matengenezo. Ruzuku karibu hazilipi matengenezo, lakini hazitolewi bila mpango wake. Andikeni nani, kwa fedha ipi, mara ngapi. Barua ya halmashauri inayosema itaingiza matengenezo kwenye bajeti yake ina uzito kuliko kamati ya watu saba wasio na mfuko.

Mmefaulu iwapo: mtu mwingine akijumlisha upya kila mstari anapata jumla yenu, na hakuna kitu kwenye maelezo kisicho na mstari wake kwenye bajeti.

## Hatua ya 8: Sasa andika

Kazi hii sasa ni nyepesi, maana mna cha kuandika. Fuateni mpangilio wa jedwali la alama na mtumie vichwa vyake vilevile, ili mkaguzi asitafute.

Linganisheni sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Mradi huu utaboresha mazingira ya ufukwe na kuinua maisha ya jamii." Ya pili, yenye tarakimu za kubuni: "Mita 140 za ufukwe kati ya mlango wa kijito na gati la zamani zimerudi nyuma mita 24 tangu 2016 (kiambatisho cha 3). Upungufu ni mkubwa upande wa kusini wa gati, ambako mchanga haupiti. Tunaomba fedha za kuhamisha mchanga kutoka upande wa kaskazini na kurudisha mimea kwenye mita 60 zilizo wazi." Ya kwanza inaweza kubandikwa kwenye ombi lolote la nchi yoyote. Ya pili ni ya ufukwe mmoja tu duniani.

Tajeni pia wanaopinga. Kama mwenye hoteli anaogopa kelele au wavuvi wanahofia kupoteza mahali pa kuanika nyavu, andikeni hoja yao na mlivyoishughulikia. Mkutano wa hadhara ambao kila mtu alikubali kila kitu hauaminiki.

Viashiria viwe vichache na vinavyopimika kwa fito zilezile: upana wa ufukwe kwenye mistari mitatu, eneo la mimea hai, idadi ya wanaotumia njia kwa siku.

## Hatua ya 9: Hakiki na utume

Mpeni mtu asiyewahi kufika ufukweni kwenu asome ombi akiwa na jedwali la alama mkononi, atoe alama kwa ukali. Rekebisheni penye alama ndogo na uzito mkubwa kwanza.

Hakikisheni jina la kikundi linafanana herufi kwa herufi kwenye cheti, akaunti ya benki na fomu. Tumeni siku kadhaa kabla ya mwisho, maana mifumo ya mtandaoni hulemewa siku ya mwisho. Hifadhini uthibitisho wa kupokelewa.

## Hatua ya 10: Baada ya barua

Mkikubaliwa, msianze kazi wala kulipa chochote hadi mkataba usainiwe na tarehe ya kuanza ifike. Fungueni akaunti ya mradi peke yake. Chukueni vipimo vya fito siku chache kabla ya ujenzi, kwa sababu hivyo ndivyo kila taarifa ijayo italinganishwa navyo. Dhoruba ikibadilisha ufukwe katikati ya kazi, ombeni mabadiliko kwa maandishi kabla ya kuhamisha hata mstari mmoja wa bajeti. Gharama iliyobadilishwa kienyeji inaweza kukataliwa yote.

Mkikataliwa, ombeni alama na maoni ya wakaguzi. Mifuko mingi ya umma huyatoa, ila kwa anayeuliza. Gaweni maoni hayo mafungu mawili: yanayohusu maandishi na yanayohusu ushahidi. La kwanza linarekebishwa kwa wiki moja. La pili linahitaji kurudi ufukweni, na kwa kuwa vigingi bado vipo, endeleeni kupima kila mwezi wakati mkisubiri wito mwingine. Ombi la pili litakwenda na mwaka mzima zaidi wa vipimo kuliko la kwanza.